Kilo Kumi Mgongoni

Alfajiri, njia ya kupanda Morningside, juu ya mji wa Morogoro, huwa na watu wa aina mbili. Wanaoshuka ni akina mama wa Uluguru wanaowahi soko, beseni au tenga kichwani, ngata chini yake, na ndani ndizi, karoti na mboga ambazo bado zina umande. Wanaopanda ni sisi wa mjini, raba miguuni na chupa ya maji mkononi, na siku hizi wengine tumeongeza begi mgongoni. Siku yangu ya kwanza begi lilikuwa na pakiti tano za unga wa sembe, kila moja kilo 2. Kilo 10 kamili.

Sikuwa nimefika hata robo ya njia bega la kushoto likaanza kufa ganzi, na ganzi ikashuka hadi vidoleni. Nikasimama pembeni kujinyoosha. Mama mmoja aliyekuwa anashuka akapunguza mwendo, nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umebeba nini?"

"Unga, mama."

"Umekushuka kiunoni. Upandishe, ukae hapa." Akajigusa kati ya mabega kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa bado umeshika ukingo wa beseni. "Halafu usiuinamie. Mzigo unataka shingo."

Akaendelea kushuka, shingo imenyooka, beseni limetulia kana kwamba limewekwa juu ya meza. Nilifanya alivyosema. Nilizikaza kamba za begi mpaka likagusa mgongo, nikapanga pakiti upya zikakaa juu badala ya kulundikana chini, na ganzi ikaondoka kabla sijafika kona iliyofuata.

Nimeianza makala na mama huyo kwa sababu mazoezi ya kutembea na begi zito, ambayo sasa yamekuwa mtindo Marekani na Ulaya na yameanza kuingia katika vikundi vyetu vya mazoezi, huelezwa kama uvumbuzi mpya. Wanajeshi wanayajua tangu zamani, maana hakuna kuruta asiyelijua shanta. Lakini sayansi yake ya kuvutia zaidi ilianzia kwa wanawake wa Afrika Mashariki.

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti mfupi wa Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake, wakiwemo Norman Heglund na Richard Taylor. Waliwapima wanawake wa Kijaluo, waliozoea kubeba kichwani, na wa Kikikuyu, waliozoea kubeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Walitembea juu ya mashine ya mazoezi huku oksijeni wanayoitumia ikipimwa. Mwili unaotembea kwa utulivu hulipia kila hatua kwa oksijeni, kwa hiyo ukijua oksijeni iliyotumika umejua na gharama ya safari.

Matokeo yaliwashangaza. Mwanamke aliyebeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wake hakutumia oksijeni zaidi ya alipotembea mikono mitupu. Kwa mtu wa kilo 60, hizo ni kilo 12, zaidi ya nusu ya ndoo kubwa ya maji, bila gharama inayopimika. Mzigo ulipozidi hapo ndipo gharama ilipoanza kupanda, na hata wakati huo waliokuwa wamebeba mizigo mizito kabisa walitumia nguvu ndogo kuliko wanajeshi waliowahi kupimwa wakiwa na mzigo wa kiasi hicho mgongoni.

Maelezo yalikuja mwaka 1995, Heglund na wenzake walipopima namna wanawake hao wanavyokanyaga. Mtu akitembea, mwili wake hupanda kidogo juu ya mguu uliosimama, kisha huangukia mbele kwenye mguu unaofuata. Unapopanda, mwendo hupungua; unaposhuka, mwendo hurudi. Nguvu ya kupanda hugeuzwa kuwa nguvu ya kwenda mbele, kama bembea. Ila bembea yetu inavuja: katika kila hatua sehemu ya nguvu hupotea na misuli hulazimika kuifidia. Wanawake wale walipotwikwa mzigo, bembea yao ilipunguza kuvuja. Mzigo uliwafanya watembee vizuri kuliko walivyotembea bila mzigo, na inadhaniwa ustadi huo waliupata kwa kubeba tangu utotoni.

Si kila abebaye kichwani anao. Utafiti uliofanywa baadaye Afrika Kusini kwa wanawake wa Kixhosa haukuiona nafuu hiyo kwa wote. Tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno. Na hakuna anayepaswa kuisoma habari hii kama sababu ya kumwacha mama abebe peke yake. Shingo inachakaa hata kama oksijeni haiongezeki.

Tugeukie sasa sisi tunaobeba kwa hiari, tena tukitaka gharama iwe kubwa. Je, begi la kilo 10 linachoma mafuta kiasi gani?

Ipo kanuni ya kulikadiria jambo hili. Mwaka 1977 Kent Pandolf na wenzake, watafiti wa jeshi la Marekani huko Natick, Massachusetts, waliandika mlinganyo unaochukua uzito wa mtu, uzito wa mzigo, mwendo, mwinuko wa njia na aina ya ardhi, kisha unatoa nguvu ambayo mwili utatumia. Vipimo vya baadaye vimeonyesha kwamba mara nyingi unakadiria chini ya hali halisi, lakini kwa kulinganisha safari moja na nyingine bado unafaa sana. Nilikaa nao jioni moja na kikokotoo.

Nilimchukua mtu wa kilo 70 anayetembea kilomita 5 kwa saa kwenye barabara ya lami iliyo tambarare. Bila mzigo, anatumia takriban kalori 265 kwa saa, kalori za chakula, zile zinazoandikwa kwenye pakiti. Mwekee kilo 10 mgongoni: anatumia kama 290. Nikarudia hesabu nikidhani nimekosea, ikaja vilevile. Begi zima la unga, saa nzima ya kulitolea jasho, limeongeza kalori zisizofika 30. Hizo ni kama vijiko viwili vidogo vya sukari kwenye chai. Mwekee kilo 20, zinafika kama 325.

Sasa toa begi kabisa, umwambie aongeze mwendo kutoka kilomita 5 hadi 6 kwa saa. Zinafika 340. Kukaza mwendo bila kubeba chochote kumeshinda begi la kilo 20. Kisha mrudishe kwenye mwendo wake wa kilomita 5, bila begi, ila mpeleke kwenye kilima cha asilimia 5, yaani njia inayopanda mita 5 kwa kila mita 100. Zinaruka hadi kama 410. Mlima mdogo kiasi hicho, ambao gari huupanda bila kubadili gia, unazidi kwa mbali mizigo yote miwili. Ukiupanda na zile kilo 10, unakaribia 460.

Kwa hiyo mtu anayevaa begi zito na kuzunguka uwanja tambarare kwa mwendo wa kutazama mandhari, akitarajia tumbo liyeyuke, anajipa matumaini ambayo hesabu haiyaungi mkono. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori takriban 7,700. Nyongeza ya begi peke yake, saa moja kila siku bila kukosa, inafikisha kiasi hicho baada ya miezi tisa hivi. Kutembea kwenyewe, begi na yote, kunafanya kazi kubwa zaidi, lakini hata hapo sahani ina sauti kubwa kuliko miguu. Mandazi mawili baada ya mazoezi yanaifuta safari nzima.

Kuna ushahidi mwingine kutoka hapa nyumbani unaosema hivyohivyo. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake, akiwemo Mtanzania Audax Mabulla, walichapisha vipimo vya Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi. Wanaume wa Kihadzabe hutembea wastani wa kilomita 11 hivi kwa siku wakiwinda na kutafuta asali, wanawake karibu kilomita 6 wakichimba mizizi na kuchuma matunda. Kila mtu alidhani watu hawa wanachoma kalori nyingi kuliko makarani wa Marekani wanaoshinda kwenye viti. Vipimo vilionyesha kwamba, ukizingatia ukubwa wa miili yao, matumizi yao ya jumla kwa siku hayana tofauti. Pontzer anaamini mwili una bajeti: ukitumia nyingi kwenye miguu, unabana kwingine. Wataalamu bado wanabishana juu ya ukubwa wa kubana huko, lakini Wahadzabe ni wembamba na wenye mioyo imara, na hapo ndipo ninapotaka msomaji atazame. Miguu yao haikuongeza hesabu ya kalori, ila iliwapa afya ambayo kalori haziwezi kuielezea.

Faida ya kwanza ya begi ni moyo. Watu wengi wenye afya ya kawaida wanaweza kutembea kwa saa nzima huku wakipiga soga, pumzi haibadiliki. Begi, hasa kwenye mwinuko, hubadilisha jambo hilo: bado unaweza kuongea, lakini huwezi kuimba. Hicho ndicho kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukiita mazoezi ya wastani, na linamshauri mtu mzima ayafanye dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na kazi ya misuli siku mbili. Begi linakupa kidogo cha vyote viwili katika safari moja, maana mapaja, makalio na misuli ya mgongo hufanya kazi ambayo kutembea mikono mitupu hakuidai.

Faida ya pili ni magoti, na hii huwashangaza watu. Anayekimbia hupaa, kuna sehemu ya kila hatua ambapo miguu yote iko hewani, na anapotua ardhi humrudishia pigo la karibu mara mbili na nusu ya uzito wake. Kwa mtu wa kilo 70, hizo ni kilo 175 kwa kila kishindo. Anayetembea hana kupaa, mguu mmoja huwa chini siku zote, na pigo lake huzidi uzito wake kidogo tu, mara moja na nukta mbili hivi. Mpe begi la kilo 10: kilo 80 mara moja nukta mbili ni kilo 96. Kwa mtu mnene ambaye daktari amemwambia aache kukimbia, au aliyefika umri wa miaka 50 na goti linalia kwenye ngazi, begi dogo ni njia ya kuongeza kazi ya moyo bila kuongeza vishindo.

Faida ya tatu bado inachunguzwa, nayo ni ya kusisimua. Huko Gothenburg, Sweden, watafiti John-Olov Jansson na Claes Ohlsson wanasema mwili una mizani yake ya ndani. Mwaka 2018 walieleza majaribio ya panya waliowekewa vidonge vizito tumboni, uzito wa asilimia 15 ya miili yao. Panya hao walipunguza kula, na miili yao ikapungua karibu kiasi kile kilichoongezwa. Waliokosa seli fulani za ndani ya mifupa hawakupungua, jambo lililowafanya watafiti waamini kwamba mifupa ya miguu ndiyo inayopima. Mwaka 2020 wakajaribu kwa watu wanene: kundi moja lilivaa fulana nzito, za asilimia 11 ya uzito wa mvaaji, jingine likavaa nyepesi za asilimia 1, saa 8 kwa siku kwa wiki 3. Wenye fulana nzito walipungua wastani wa kilo 1.6, wenye nyepesi kilo 0.3, na kilichopungua kilikuwa mafuta.

Nimeusoma utafiti huo kwa furaha na kwa tahadhari. Wiki 3 ni muda mfupi, na walishinda na mzigo kutwa. Kutembea nao nusu saa alfajiri ni jambo jingine. Kuhusu mifupa vilevile tusikimbilie kutangaza ushindi. Wazee waliopunguza uzito huku wakivaa fulana nzito kwa mwaka mzima, katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2025, walipoteza mfupa wa nyonga sawa na wenzao wasiovaa. Fulana peke yake haikuulinda.

Zamani mtu hakuuliza mzigo unapunguza mafuta kiasi gani. Wapagazi wa misafara kati ya Tabora, Ujiji na Bagamoyo walibeba kama frasila 2, karibu kilo 32, mara nyingi wakiwa na mikeka na vyungu vyao juu yake, wiki baada ya wiki. Vitambaa vilifungwa robota ndefu iliyoitwa mtumba, na neno hilo bado tunalo kila tunaponunua nguo za mitumba. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, vijana waliokufa kwa maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Na leo Kilimanjaro, mpagazi anayepanda na mahema na vyakula vya watalii hupimiwa mzigo wake getini. Kikomo ni kilo 20. Kikomo hicho ni kwa watu waliozoea mlima. Ninayaandika haya kwa ajili ya yule anayetaka kuanza na kilo 20 Jumapili ijayo kwa sababu ameona video.

Anza na asilimia 5 ya uzito wako, usizidi 10. Kwa wengi wetu hizo ni pakiti mbili za unga. Tembea nazo mara mbili au tatu kwa wiki, dakika 30, kwa muda wa mwezi, ndipo uongeze kilo moja au mbili. Mapafu huzoea haraka na kukudanganya kwamba uko tayari. Kano na mifupa huchukua miezi. Makuruta huvunjika mifupa midogo ya wayo kwa sababu hiyo hasa, mzigo na mwendo vikipandishwa pamoja kabla mfupa haujajijenga. Maumivu ya sehemu moja ya mguu yanayozidi kila unapokanyaga si ya kuvumilia.

Ile ganzi iliyonishika bega nayo inajulikana hospitalini. Kamba nyembamba hukandamiza mishipa ya fahamu inayopita kati ya shingo na bega kwenda mkononi, na kuna wanajeshi waliopoteza nguvu za mkono kwa wiki kadhaa, wengine kwa miezi. Dawa ni kamba pana, begi lililobana mgongoni, na mkanda wa kiunoni unaohamishia uzito kwenye nyonga. Ukihisi vidole vinachonyota, tua. Kwa mjamzito, mwenye shinikizo la damu lisilotulia, au mwenye tatizo la pingili za mgongo, safari ianzie kwa daktari.

Usinunue mabuti mazito. Vipimo vya jeshi la Marekani vya mwaka 1969 vilionyesha kwamba kilo moja ikiwekwa mguuni hugharimu mara nne hadi sita ya kilo ileile iliyo sehemu ya mwili wenyewe, kwa kuwa mguu huinuliwa na kurushwa katika kila hatua. Mwenye hamu ya kuchoka anaweza kuona hiyo ni faida, lakini goti na kifundo ndivyo vitakavyolipa. Raba nyepesi yenye soli nzima inatosha.

Na kama unga unakusumbua kwa kuhamahama, beba maji. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo chupa nne za lita moja na nusu ni kilo 6. Zifunge kwenye kanga au taulo zisigongane, zikae juu, karibu na mgongo. Uzuri wa maji ni kwamba ukizidiwa katikati ya njia unayamwaga, na kwa joto la Dar, Tanga au Mombasa unayahitaji kwa kunywa. Mzigo huongeza joto la mwili na begi huziba mgongo, mahali ambapo jasho lilipaswa kukauka. Toka kabla jua halijachomoza au subiri lizame.

Mimi sasa nina mwaka mmoja na miezi kadhaa katika njia ile. Uzito wangu umepungua kilo 4, na nina hakika sehemu kubwa ya hizo imetokana na kuacha soda na kula wali nusu sahani. Kilichotokana na begi ni kwamba kona ambayo nilikuwa nasimama mara tatu kabla ya kuimaliza, sasa naimaliza nikiongea. Mapigo ya moyo ninapoamka yameshuka kutoka 78 hadi 66 kwa dakika. Bado nabeba kilo 10, sijaongeza. Badala ya kuongeza kilo nimeongeza njia, na mwezi uliopita nilifika kwenye jumba la enzi za Wajerumani lililo juu kabisa ya njia.

Kwa hiyo ukiwa na nafasi ya kuchagua kati ya begi zito zaidi na kilima, chagua kilima. Weka pakiti mbili za unga, funga mkanda wa kiunoni, nyoosha shingo, na anza kupanda kesho alfajiri. Ukikutana na wanaoshuka na mabeseni, kaa pembeni uwapishe: mzigo wao unatakiwa sokoni kabla ya saa mbili.